Mzee Filipo Kwenye Mageti ya Makole

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi, Mzee Filipo alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya geti la binti yake hapo Makole, akila karanga. Karanga zilikuwa za shamba lake mwenyewe la kijijini Zuzu, za mavuno ya mwaka juzi, zimekaangwa kwa chumvi kidogo, naye alikuja nazo mjini kwa sababu hakuziamini za dukani. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilishaondolewa, anaona mpaka maandishi ya kwenye malori, na kilichobaki ni daktari amtazame mara ya mwisho ili arudi kwake kabla ya mvua ya kwanza. Alikuwa na uwele wa kupanda, na mwaka uliotangulia mvua ilimkuta kitandani, hakupanda kitu.

Damas akapita. Damas ni kijana wa mtaa ule ule, anatengeneza kadi za harusi na matangazo ya misiba kwenye simu, na watu wanampenda. Mzee alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kama anavyomsalimu kila mtu, kisha akajaza karanga kiganjani na kumnyooshea mkono. Kwa wazee wa kwao mtu hapiti mbele yako unatafuna halafu umwache apite hivi hivi. Damas aliutazama ule mkono, akamwambia mzee kwa upole kwamba leo hana chenji. Halafu, kwa kuwa shuka jekundu lilikaa vizuri mbele ya ukuta mweupe, akampiga picha. Mzee Filipo aliuacha mkono pale kwa muda kidogo, kwa adabu, kisha akazila karanga zake.

Jioni Damas aliigeuza ile picha kuwa stika. Karanga zilichafua kiganja, akazifuta. Chini akaandika "Mnisaidie jamani," akairusha kwenye kundi la WhatsApp la Jirani Wema Makole.

Kundi hilo liliundwa kwa ajili ya habari za maji, umeme na misiba. Lina watu zaidi ya mia mbili, wengi wao watumishi waliohamia Dodoma serikali ilipohamia. Walifika wakilalamika. Wakakuta vumbi, wakakuta upepo, wakakuta na Wagogo, ambao walikuwepo. Kwamba Wagogo ni ombaomba walilijua kabla ya kukutana na Mgogo hata mmoja. Ni elimu waliyokuja nayo kwenye mizigo, pamoja na mafeni. Wengi wao walijenga juu ya mashamba ya Wagogo baada ya kuomba sana wapunguziwe, lakini hiyo haikuitwa kuomba. Iliitwa kupatana.

Wa kwanza kuitumia stika alikuwa mama mmoja aliyeishiwa gesi akiwa na maharage jikoni. Aliomba jirani mwenye mtungi wa ziada amsaidie, akaweka na stika ili ombi linoge. Wakati huo Mzee Filipo alikuwa mezani kwa binti yake, ameshamega tonge na kulichovya kwenye mlenda. Tonge likabaki sahanini. Mzee alikuwa nje ya geti la yule mama, juu ya kigoda chake, mkono mbele. Yule mama alifungua, akamwamkia shikamoo, akamwambia asante, mtungi umeshapatikana. Mzee akabeba kigoda akarudi kwa miguu. Ugali ulikuwa umepoa.

Tereza, binti yake, ni mwalimu wa shule ya msingi na si mtu wa maswali mengi nyumbani. Alimuuliza tu alikuwa wapi.

"Nimetumwa," mzee alisema, akanawa tena mikono.

Haikuchukua muda mtaa mzima ukaelewa utaratibu. Ukituma stika, mzee anatokea getini kwako. Hakuna aliyelipigia kelele jambo hilo. Mpangaji mmoja wa ghorofani alitaka kujua itakuwaje kwa wasio na geti, akajaribu, na mzee akatokea kwenye ngazi. Watu wakapata majibu yao, wakaendelea. Aliyekosa nyanya aliweka stika. Aliyetaka lifti ya kwenda mjini aliweka stika. Timu ya mtu ikifungwa, wenzake walimwekea stika. Mzee alifika kote huko, akasema mbukwenyi, na watu walimpokea kwa jinsi walivyolelewa. Wengine walimpa pilau la jana kwenye mfuko wa plastiki. Wengine walimwomba asogee kidogo, gari linatoka. Kuna bwana mmoja alimwachia funguo amlindie nyumba mpaka arudi kutoka sokoni, na aliporudi akamkagua mifuko kwa jicho tu, bila kumvunjia heshima.

Mkono ulikuwa tatizo. Kila alipofika, ulifika umenyooka na umefunguka, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa kwenye picha, na ilimbidi asubiri kabla haujakubali kukunjika. Alijaribu kushika karanga muda wote, kusudi akitumwa afike anazo na watu waone. Hazikufika hata mara moja. Damas alikuwa mtu makini katika kazi yake, na alichokifuta kilifutika.

Siku ya daktari, mzee aliondoka katikati ya kipimo, kidevu chake kikiwa bado juu ya mashine. Mtu fulani alikuwa ameomba jembe la kuazima. Daktari alimwambia Tereza kwamba wazee hawa wa huku hawana subira, akawaita wanaofuata. Tereza alimshukuru daktari, akatoka.

Mwisho wa wiki mzee aliamua kurudi Zuzu, mkono ukitaka au usitake. Alipanda basi dogo la asubuhi, akashuka, akapita njia ya kando ya reli mpaka shambani. Alishika mpini wa jembe. Huko Makole mtu akawa ameomba namba ya fundi bomba. Mzee akatokea kwa mwombaji, akaeleza kwamba namba hana, akarudi kituoni kupanda basi lile lile. Ikawa hivyo tena na tena. Mara nyingine alifika mpaka mlangoni kwake, mara nyingine hakuvuka hata Mnadani. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa magharibi, na shamba lilikuwa bado lina mabua ya mwaka juzi.

Ndipo Tereza alipoandika kundini. Aliandika kwa utulivu, kama anavyoandika ubaoni. "Habari za jioni majirani. Mzee aliyeko kwenye stika ni baba yangu mzazi. Siku ile alikuwa anagawa karanga. Naomba stika hii isitumike tena, ili aweze kwenda kupanda."

Wa kwanza kumjibu alikuwa mtu asiyejulikana hata nyumba yake. Aliandika, "Mmeona? Ameomba." Akaweka nyuso za kucheka, akaweka na stika. Mzee Filipo alikwenda, na kwa kuwa nyumba haikujulikana, alirudi usiku hajui alikotoka.

Damas hakuwa mtu mbaya, na alisikitika kuona Mwalimu amelipokea hivyo. Alieleza kwamba ni utani tu. Kabila lake na Wagogo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasiriki. Maelezo hayo yaliwapendeza watu. Kabla ya saa ya taarifa ya habari, kila kabila lenye mtu kundini lilikuwa limekumbuka kwamba nalo ni mtani wa Wagogo. Wa kaskazini walikuwa watani, wa ziwa walikuwa watani, wa kusini walikuwa watani wa siku nyingi. Bwana mmoja aliyeoa Mrundi aliuliza kama yeye anaingia, akaambiwa anaingia. Wagogo hawakuwahi kuwa na ndugu wengi namna ile.

Jirani wa ukuta kwa ukuta wa Tereza ni Bi Zuleha. Babu wa babu yake alifika na misafara ya pembe, akaugua miguu, akabaki, na familia haijahama tangu hapo. Hata hivyo kuna watu waliofika Dodoma juzi na lori la makochi ambao bado humuuliza Bi Zuleha kwao hasa ni wapi. Alikuwemo kundini siku za mwanzo. Alijitoa siku watu walipojadili kwa nini Waswahili wa mjini ni wavivu, wakati yeye anauza vitumbua tangu alfajiri na wajadili wote ni wateja wake. Tereza alimsimulia habari ya watani, kila mmoja upande wake wa ukuta.

"Utani ninaujua mimi," Bi Zuleha alisema. "Mtani wako anakutukana leo, kesho ukifiwa ndiye anayechimba kaburi na kukuvua viatu ili ucheke. Na wewe unamtukana, anacheka. Waulize hao, mwanangu, watachimba nini."

Tereza akaona hilo ni neno. Aliandika kundini kwamba anawashukuru watani wote kwa kujitokeza, hakujua kama wapo wengi hivyo. Kwa kuwa kazi ya mtani inajulikana, na kwa kuwa wao ndio waliomchelewesha mzee, anawaalika Jumamosi shambani Zuzu wakang'oe mabua na kulima. Jembe kila mtu na lake, uji utakuwepo, na matusi wanaruhusiwa kuja nayo.

Ujumbe ulisomwa na watu wote. Alama za buluu zilijaa. Watu kadhaa waliweka dole gumba, mmoja akaweka mikono iliyokunjwa ya dua. Jumamosi Tereza alikaa shambani tangu jua halijatoka na sufuria la uji, akatazama njia. Alikuja mbuzi wa jirani. Mzee mwenyewe aling'oa mabua kidogo, kisha akaitwa Makole kwa mtu aliyetaka kujua kama maji yanatoka.

Jioni ile Tereza alikasirika kweli, na hakuficha. Aliandika kwamba hawa si watani, ni watu waliozoea kudharau wenyeji wa mahali wanapolala, na kwamba tangu wahamie wameomba viwanja, maji, vibarua na vitumbua vya mkopo, bila mtu kuwatengenezea stika. Hapo kundi lilishtuka. Yaliyomtokea mzee hayakuwahi kulishtua, lakini haya yalilishtua. Watu walisema lugha hiyo haifai kwa mwalimu. Walisema Mwalimu Nyerere alituunganisha, nani huyu anatutenganisha. Walimwomba, kwa nia njema kabisa, asilete ukabila kundini.

Msimamizi wa kundi ni Bwana Joshua, afisa mwandamizi wa ofisi moja ya umma, mtu wa sauti ya chini, ambaye amehudhuria semina nyingi na anatembea na chupa yake ya maji. Aliona hali inakwenda pabaya. Akatangaza mjadala wa heshima kuhusu ubaguzi na kudhaniana vibaya, siku ya Alhamisi, saa moja jioni, akaweka na kanuni. Kila mtu asalimie kwanza. Asiyeruhusiwa asiandike. Hakuna kuandika kwa herufi kubwa. Na ili kulinda umoja, ni marufuku kutaja kabila lolote kwa jina.

Kanuni zilifuatwa kwa nidhamu ya kupigiwa mfano. Tatizo dogo likawa kwamba watu walitaka kuzungumzia Wagogo na hawakuruhusiwa kuwataja, kwa hiyo walipofika mahali pa jina waliweka stika. Mmoja aliandika kwamba yeye binafsi ana marafiki wengi, stika, na hajawahi kuwaona tofauti. Mwingine akasema amefanya kazi na, stika, ni watu wapole sana ukiwazoea. Mama mmoja alikumbuka kwamba msichana wake wa kazi wa zamani alikuwa, stika, wa Kibakwe, na hakuwahi kumwibia, jambo alilolitaja kama sifa.

Kisha akaruhusiwa Dokta Cecilia, mhadhiri. Alituma sauti ya dakika nyingi. Alisema lazima tuwe objective, tutofautishe intention na impact, tuiangalie picha yenyewe tusikimbilie hisia. Ili wote waiangalie pamoja aliiweka tena, kwa ukubwa. Alisema tazameni mkono. Akaiweka tena wautazame mkono. Watu walimpongeza kwa kina cha uchambuzi wake, na waliotaka kumpongeza zaidi waliinukuu ile sehemu ya mkono.

Jioni hiyo Mzee Filipo alizunguka Makole yote. Watu wawili walipotuma kwa wakati mmoja alitokea kwenye mageti mawili, na hapo ikaonekana kwamba inawezekana. Baadaye alikuwa kwenye mageti saba, kisha watu wakaacha kumhesabu. Kila mmoja alisema mbukwenyi na kusubiri mkono ukunjike. Waliporudi kwa Tereza walikutana njiani wawili wawili, wakaingia ndani wakiwa mmoja, na huyo mmoja hakuweza kuinua kikombe. Tereza alimkanda mabega kwa maji ya moto. Mzee alimuuliza watu wanajadili nini muda wote huo.

"Wanajadili kwamba wasikusumbue, baba."

Mzee alifikiri kidogo, akasema ni watu wema basi, ila wamalize upesi.

Mjadala ulifikia muafaka. Kundi lilikubali kwamba mzee alikosewa, ingawa hakuna aliyemkosea. Iliazimiwa aombwe radhi na wote, hadharani, siku moja, saa moja, ili pasiwe na anayejiona mtakatifu kuliko mwenzake. Damas alijitolea kuandaa. Alichukua picha ile ile, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, akafuta maneno ya "Mnisaidie jamani" na kuandika "Tusamehe Mzee," akazungushia na maua. Ilipangwa Jumamosi ya juma linalofuata, saa tatu asubuhi. Mpaka siku hiyo Bwana Joshua alilifunga kundi, asiandike mtu isipokuwa yeye, ili mioyo itulie.

Tereza alimfuata Bwana Joshua nyumbani kwake Ijumaa asubuhi kabla ya shule, siku moja kabla ya radhi. Alimkuta anamwagilia bustani. Alimwambia kwamba kundi likiwa limefungwa hivi baba yake amekuwa akilala kwake Zuzu wiki nzima, kwenye kitanda chake, kwa mara ya kwanza tangu stika itoke. Mabua ameshayang'oa, na mawingu yako juu ya reli. Hataki maua wala radhi. Anataka stika ifutwe tu, zote mbili, ya zamani na hii.

Bwana Joshua alifunga bomba ili amsikilize vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyofundishwa.

"Kufuta ni kukwepa, Mwalimu," alisema. "Sisi tunataka tupone."

Tereza alimwambia wapone bila picha ya baba yake. Bwana Joshua akamuuliza watamwomba radhi nani kama hayumo. Tereza akamwomba basi wasogeze, iwe Jumapili, iwe wiki ijayo, shamba likishapandwa. Alipolisema hilo neno, naomba, alijisikia akilitamka, na aliona kwamba Bwana Joshua naye amelisikia. Bwana Joshua alitabasamu kwa huruma. Tarehe ilishatangazwa, alisema, na watu wengine wameomba ruhusa kazini ili wawepo.

Mvua ilinyesha Zuzu Ijumaa jioni. Ilikuwa mvua nzuri, ya kuingia ardhini, na asubuhi udongo ulikuwa mwekundu na laini. Mzee Filipo alikuwa shambani mapema, kibuyu cha mbegu kimefungwa kiunoni. Hakuwa na akiba nyingine; mbegu zilizobaki baada ya mwaka wa kuugua zote zilikuwemo humo. Tereza alitangulia na jembe dogo akifukua mashimo, kwa haraka, mstari baada ya mstari, akitaka wamalize kabla ya saa tatu. Baba yake alimwambia aache pupa, mashimo ya pupa hayana kina. Alitaka kwanza yachimbwe yote upande ule, ndipo aanze kudondosha, kwa sababu hivyo ndivyo alivyopanda maisha yake yote na hakuona kwa nini abadilishe sasa hivi. Tereza alitamani kumfokea. Alichimba.

Upande ule ulipokwisha, mzee alifungua kibuyu, akamimina mbegu kiganjani, akainama kwenye shimo la kwanza. Huko Makole Bwana Joshua akalifungua kundi.

Walituma wote. Watu wanaojibu kwa shida hata taarifa ya msiba walituma. Waliokuwa safarini walituma, walioko kazini walituma chini ya meza. Shimo la kwanza likabaki wazi na hakuna mtu aliyeliinamia. Mzee alikwenda na mbegu zake na kibuyu chake, na kwa kuwa kwenye picha hakukuwa na mbegu wala kibuyu, hivyo havikufika popote.

Tereza alisimama shambani na jembe, mbele ya mashimo mazuri. Alilia, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Kisha alijifuta kwa kanga, akaenda kutafuta bodaboda.

Alipoingia Makole mvua ilikuwa imemfuata. Baba yake alikuwa kwenye kila geti, juu ya kigoda, mkono mbele, na mvua ikimnyeshea. Wenye nyumba walikuwa wametoka na miamvuli. Walimwinamia, wakamwambia Mzee tusamehe, wakapiga naye picha. Baadhi walikuwa na machozi ya kweli. Vijana walimwita babu. Wengine walimwekea kitu mkononi, biskuti au chungwa, na mzee alisema asante, mbukwenyi, akatafuta kwa macho mahali pa kukiweka.

Kundini sifa zilikuwa nyingi. Dokta Cecilia aliandika kwamba hii ni case study. Mtu alipendekeza mitaa mingine ije kujifunza. Damas alipewa usimamizi msaidizi wa kundi kwa ubunifu wake. Bwana Joshua alishukuru wote kwa ukomavu, akatangaza kwamba mjadala umefungwa rasmi, na ili tukio hilo lisisahaulike akaibandika stika juu kabisa ya kundi, mahali ambapo kila afunguaye ataiona kwanza na hakuna ujumbe utakaoishusha. Kwa hiyo mzee hakuondoka. Mpaka leo hajaondoka. Watu wamezoea, na wauza mboga wanatumia vigoda vyake kuelekezana nyumba.

Siku ile Tereza alipita geti kwa geti. Kwenye geti la kwanza alimsogelea baba yake, akapiga goti kidogo na kumwamkia. Mzee aliitikia marahaba. Alikuwa na maji kwenye nyusi.

"Mbegu zimeingia?" aliuliza.

Tereza akamwambia ukweli, kwamba hazikuingia, zimepotea. Macho ya mzee, lile la zamani na lile jipya, yalitazama chini, na Tereza hakuweza kuendelea kuyaona. Akasogea geti la pili. Mzee wa geti la pili hakuwa amesikia jibu la geti la kwanza. Akaitikia marahaba, akauliza mbegu zimeingia. Tereza akamwambia ukweli na huyo. Na wa tatu. Ilibidi kila mmoja aambiwe upya, na kila mmoja alilipokea kama jipya, na mtaa ulikuwa mrefu. Ukiacha geti lake mwenyewe, la Bi Zuleha tu ndilo lililokuwa tupu. Bi Zuleha alikuwa amesimama hapo na taulo kavu, hajui aanzie kwa mzee yupi.

Geti la mwisho lilikuwa la Bwana Joshua. Bwana Joshua alikuwa nje na mwamvuli mkubwa, amemkinga mzee nusu na yeye nusu. Alimwambia Tereza anafurahi amekuja kujionea mwenyewe, watu wameguswa sana. Tereza alipiga goti kwenye maji, akamwamkia baba yake.

"Marahaba, mwanangu. Mbegu zimeingia?"

"Zimeingia, baba. Zote."

Mzee Filipo akasema vizuri, basi anaweza kupumzika, akajaribu kuushusha mkono.